Buibui Wakubwa wa Mashimoni: Kuwatambua, na Kumhudumia Aliyeumwa

Mvua za kwanza zinapoulainisha udongo wa Songea, kati ya Novemba na Desemba, viumbe wengi waliojificha ardhini wakati wa kiangazi huanza kuonekana. Kwa wakazi wa Bombambili na mitaa inayoizunguka, ambako nyumba, bustani na mashamba ya mahindi hupakana, mmoja wa viumbe hao huwatisha watu kuliko wengine. Ni buibui mkubwa mwenye manyoya, ambaye akikunjua miguu yake huweza kuenea kiganja cha mtu mzima. Huonekana akikatiza uani usiku, akitoka chini ya rundo la matofali, au akifukuliwa na jembe kwenye ukingo wa shamba.

Makala hii inaeleza namna ya kumtambua buibui huyo na namna ya kumhudumia mtu aliyeumwa naye. Aidha, inakusudia kuonya juu ya jambo moja. Buibui huyu hajulikani kuua watu, ila jina lake likitumiwa kueleza jeraha ambalo aliyelisababisha hakuonekana, mgonjwa anaweza kupoteza maisha kwa ugonjwa au sumu nyingine kabisa.

Ni buibui gani huyu?

Wataalamu humweka katika familia ya Theraphosidae, yenye spishi zaidi ya 1,000 duniani. Kwa jina la kawaida familia hiyo huitwa tarantula. Tanzania ina jenasi kadhaa za buibui hawa. Anayejulikana zaidi ni Pterinochilus murinus, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1897 na Mwingereza Reginald Innes Pocock, na ambaye huishi katika maeneo mengi ya Afrika ya mashariki, kati na kusini. Rangi yake hubadilika kulingana na mahali, kuanzia kijivu na hudhurungi hadi rangi ya machungwa iliyokolea. Yupo pia Eucratoscelus pachypus, ambaye miguu yake ya nyuma ni minene isivyo kawaida, na Pelinobius muticus, anayepatikana Kenya na Tanzania, ambaye ni miongoni mwa buibui wakubwa kabisa barani Afrika.

Jike huishi shimoni kwa miaka mingi na mara chache huenda mbali na mlango wa shimo lake. Dume akishapevuka huacha shimo lake na kuzurura akitafuta majike, hasa majira ya mvua, kisha hufa baada ya muda usio mrefu. Kwa hiyo buibui anayekutwa sebuleni au uani usiku wa mvua aghalabu ni dume mpita njia, mwenye mwili mwembamba na miguu mirefu. Hakuingia ndani kumtafuta mtu.

Alama za kumtambua

Mtu asiye mtaalamu hawezi kutaja spishi kwa kutazama tu, wala matibabu hayahitaji hivyo. Inatosha kujua kama kiumbe kilichoonekana ni wa kundi hili, na alama zifuatazo husaidia.

Kwanza, mwili wake ni mzito, umejaa nywele, na una sehemu mbili tu: sehemu ya mbele inayobeba miguu, na tumbo. Pili, ana miguu minane, lakini vipapasio viwili vya mbele ni virefu kiasi kwamba mtazamaji hudhani ana miguu kumi. Tatu, macho yake manane ni madogo sana na yamekusanyika pamoja juu ya kinundu kimoja. Nne, meno yake ya sumu huelekea chini sambamba, kama meno ya uma, ilhali buibui wengi wa nyumbani meno yao hukutana kwa ubavu kama koleo. Tano, anapotishwa hunyanyua miguu ya mbele na kuonyesha meno yake. Baadhi ya spishi hutoa sauti ya kukwaruza. Hilo ni onyo, na anayerudi nyuma hatua mbili hataumwa.

Shimo lake nalo ni dalili. Mara nyingi ni la duara, na sehemu ya juu ya ndani imetandazwa utando mweupe. Baadhi yao, akiwemo Pterinochilus murinus, huweza pia kufuma utando mzito chini ya vichaka na kati ya mawe.

Wanaofananishwa naye

Buibui bapa wa ukutani, ambaye hukimbia kwa upande kama kaa na kujificha nyuma ya picha au mlango, si wa kundi hili na hana madhara makubwa. Yupo pia mdudu wa rangi ya mchanga anayekimbia kwa kasi sana usiku akifuata kivuli au mwanga wa taa, mwenye taya kubwa na tumbo lenye pingili. Huyo ni ndugu wa buibui lakini hana sumu, ingawa taya zake zaweza kuchubua ngozi.

Nge hutambulika kwa magando na mkia uliopinda. Nge mwenye mkia mnene na magando membamba achukuliwe kwa uzito, hasa aliyedungwa akiwa mtoto mdogo. Kuna pia buibui wadogo weusi au wa kahawia, wenye tumbo la duara, wanaofuma utando ovyo kwenye pembe za stoo, vyoo na samani za nje. Hawa ni wa jenasi ya Latrodectus. Hawatishi kwa umbo, lakini baadhi yao wana sumu ya neva yenye uzito wa kitabibu kuliko ya yule mkubwa mwenye manyoya. Ukubwa wa mdudu, basi, si kipimo cha ukali wa sumu yake.

Sumu yake humfanya nini binadamu?

Maelezo mengi ya kitabibu kuhusu kuumwa na buibui wa jenasi ya Pterinochilus yametoka Ulaya na Marekani, kwa watu wanaowafuga majumbani. Aliyeumwa hupata maumivu makali papo hapo, uvimbe na wekundu. Baadhi hupata mikakamao ya misuli inayoweza kuanza saa kadhaa baadaye na kurudi kwa siku kadhaa, na wengine hupata kichefuchefu au moyo kwenda mbio. Ni mateso ya kweli, lakini hupita.

Wanyama ni habari nyingine. Nchini Australia imeripotiwa kuwa mbwa walioumwa na buibui wa familia hii wa huko walikufa upesi, ilhali watu walioumwa na buibui hao hao walipata maumivu tu. Anayemwona mbwa akifa namna hiyo anaweza kuamini kuwa binadamu naye angekufa, kumbe miili ya viumbe hawa wawili haiipokei sumu kwa namna moja.

Imani nyingine ni kwamba manyoya ya buibui hawa huwasha na kupofusha. Buibui wa Amerika ndio wenye nywele wanazozirusha na ambazo huumiza macho. Wa Afrika hawana nywele za aina hiyo.

Jina lisilo sahihi

Neno tarantula lenyewe lilizaliwa kwa kosa la utambuzi. Kwa karne kadhaa, wakulima wa eneo la Taranto, kusini mwa Italia, waliougua ghafla wakati wa mavuno walisemekana wameumwa na buibui mkubwa wa mashambani, na tiba yao ilikuwa kucheza ngoma kwa saa nyingi. Buibui aliyelaumiwa, ambaye leo huitwa Lycosa tarantula, ana sumu hafifu. Watafiti wa baadaye walielekeza shaka kwa Latrodectus, yule mdogo mweusi aliyekuwa akiishi katika mashamba hayo hayo. Mkubwa alibeba lawama kwa sababu ndiye aliyeonekana.

Kosa la namna hiyo latokea nasi, na kwetu lina gharama kubwa zaidi. Tuchukue mfano wa mtoto aliyelala kwenye mkeka, akaamka usiku akilia kwa maumivu ya mkono. Taa inawashwa, buibui anaonekana ukutani, anauawa, na wote wanatulia: "Ni buibui tu." Lakini swila anayetema sumu hujulikana kuwauma watu waliolala, na jeraha lake laweza kuwa dogo. Nyoka mdogo mweusi anayeishi chini ya udongo, wa jenasi ya Atractaspis, huuma kwa jino la pembeni na mara nyingi huacha tundu moja tu, ambalo mtu yeyote angedhani ni la mdudu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Kosa la pili ni la ngozi. Mtu akiamka na malengelenge husema amekojolewa na buibui. Buibui hasababishi malengelenge kwa mkojo. Mstari wa malengelenge yanayouma upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi, na kwa kijana au mtu wa makamo ni sababu tosha ya kumshauri apime VVU. Mchirizi wa ngozi iliyoungua, hasa majira ya mvua, huweza kutokana na mdudu mdogo mwekundu na mweusi wa jenasi ya Paederus aliyepondwa juu ya ngozi. Kidonda chenye gamba jeusi lisilouma, kwa mtu aliyechuna au kushika nyama ya mnyama aliyekufa ghafla, huenda ni kimeta. Kila moja ya hali hizi ina tiba yake, na tiba hiyo hucheleweshwa na jina la buibui.

Huduma ya kwanza nyumbani

Mtulize aliyeumwa. Vua pete, bangili na saa kabla uvimbe haujaongezeka. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Kama buibui alionekana wazi akiuma, weka kitambaa chenye maji baridi na mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake.

Usichanje jeraha, usilinyonye, usifunge kamba, wala usiweke jiwe jeusi, mafuta ya taa au majivu. Kama aliyeuma hakuonekana, chukulia kuwa ni nyoka mpaka ithibitike vinginevyo: mlaze, tuliza kiungo kilichoumwa kisitikisike, na umpeleke kituo cha afya bila kusubiri dalili. Mtoto, mjamzito na mzee apelekwe hata kama buibui alionekana. Ikiwezekana, piga picha ya kiumbe hicho kwa simu ukiwa mbali. Usipoteze muda kukiwinda.

Kwa mhudumu wa afya

Swali la kwanza lisiwe "Umeumwa na nini?" kwa kuwa litazaa jibu la kudhani. Uliza: "Mama, ulimwona kwa macho yako akikuuma, au ulimkuta baadaye?" Uliza pia saa ya tukio, mahali, na alichokuwa akifanya mgonjwa, kisha andika majibu hayo katika faili.

Tazama kope kama zinalegea, na kama mgonjwa anameza na kupumua vizuri. Angalia fizi na matundu ya sindano kama yanavuja damu. Weka alama ya kalamu kwenye ukingo wa uvimbe pamoja na saa, kisha uipime tena. Chukua mililita 2 za damu ya mshipa, uiweke katika kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu, uiache dakika 20 bila kuitikisa, kisha ukiinamishe mara moja. Damu ikiwa bado maji, haigandi, na mgonjwa ahudumiwe kama aliyeumwa na nyoka. Ikiganda, bado nyoka hajaondolewa katika shaka, kwani sumu ya swila na koboko hushambulia neva au nyama kuliko ugandaji wa damu. Aliyeumwa na kiumbe kisichoonekana aangaliwe kwa saa 24.

Epuka aspirini, diklofenaki na ibuprofeni mpaka uhakikishe hakuna tatizo la kuvuja damu. Kamilisha kinga ya pepopunda, lakini sindano ya msuli isubiri mpaka ijulikane kuwa damu inaganda. Dawa za kuua bakteria zitolewe penye dalili za maambukizi tu. Mikakamao mikali ya misuli yaweza kutulizwa kwa diazepamu, chini ya uangalizi wa upumuaji. Dawa ya kupambana na sumu ya nyoka haina kazi kwa sumu ya buibui, nayo yaweza kuleta mzio mkali; itolewe penye dalili za sumu ya nyoka.

Kuishi naye

Buibui huyu hula mende, nyenje na wadudu wengine, na yeye mwenyewe huwindwa na nyigu wakubwa wanaowalisha watoto wao mwili wake. Si lazima auawe. Aliyeingia ndani afunikwe kwa kopo, kipande cha boksi gumu kipitishwe chini yake, kisha atolewe mbali na nyumba.

Kinga zinazomfaa mtu dhidi yake ni zile zile zinazomfaa dhidi ya nyoka na nge: kuvaa viatu vilivyofunika mguu shambani, kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, kutumia tochi usiku, kuvaa glavu wakati wa kuhamisha matofali na kuni, kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, na kuwakataza watoto kuchokoa mashimo kwa vijiti. Na mtu anapoamka usiku na jeraha asilojua limetoka wapi, kumwona buibui ukutani kusimzuie kwenda hospitali.