KIINGEREZA UKUBWANI: ANZA NA JINA LAKO, KISHA SOMA VITABU VYEPESI

Huenda umewahi kuliona darasa la Kiingereza la watu wazima. Mwezi wa kwanza madawati yanajaa. Wanakuja wakulima, wavuvi, mafundi, akina mama wa sokoni na vijana waliomaliza darasa la saba. Kila mmoja ana daftari jipya. Mwezi wa tatu madawati mengi ni matupu. Ukimwuliza mmoja aliyeacha, atakujibu, "Kichwa changu kimezeeka."

Lakini mtu huyo huyo anakumbuka bei ya kila gunia aliloliuza msimu uliopita. Anajua nani anamdai na nani amemkopa. Kichwa kinachoweza kazi hiyo kinaweza pia kujifunza lugha. Mara nyingi kosa liko katika namna anavyofundishwa.

Siku ya kwanza alifundishwa kusema, "Hii ni kalamu." Siku ya pili alifundishwa, "Hicho ni kiti." Nani amewahi kumwuliza mtu mzima kama kiti ni kiti? Baadaye alipewa orodha ndefu ya maneno ayakariri. Aliyakariri usiku, asubuhi yamekwisha kupotea. Hakuyasoma mahali pengine popote, wala hakuyatumia kwa jambo lolote.

Makala hii inaeleza njia mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni kuanza na maneno ya kujieleza wewe mwenyewe na kazi yako. Ya pili ni kusoma vitabu vyepesi, tena vingi.

KISOMO KILITUONYESHA NJIA

Njia ya kwanza si ngeni kwetu. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, watu 67 hivi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 ulikuwapo mradi wa kisomo chenye manufaa huko Mwanza na mikoa ya jirani, kwa msaada wa UNESCO.

Vitabu vya kisomo hicho vilihusu kazi za watu. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ya pamba. Mkulima wa ndizi alisoma habari za migomba. Mvuvi alisoma habari za samaki na nyavu. Mtu alisoma leo jambo ambalo kesho angelifanya shambani au ziwani. Kufika mwaka 1986, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi kufikia kama watu 10 katika kila 100.

Basi kama tulijifunza kusoma Kiswahili kwa maneno ya kazi zetu, kwa nini tuanze Kiingereza kwa kalamu na kiti?

JINA LAKO, KAZI YAKO, SIFA YAKO

Tuchukue mfano wa mama anayesuka vikapu vya ukindu. Wageni hupita kijijini kwake na kuvipenda. Lakini yeye hawezi kusema nao. Kijana mmoja humsemea, na kijana huyo ndiye anayepanga bei. Mgeni hulipa nyingi, mama hupata kidogo. Anayekusemea ndiye anayekuuzia, na wewe hujui amesema nini.

Mama huyu hahitaji kuanza na kalamu. Anahitaji sentensi tano:

My name is Mama Neema.
I come from this village.
I make baskets.
I have made baskets for 12 years.
The handles do not break.

Yaani anataja jina lake, anakotoka, kazi yake, miaka aliyoifanya kazi hiyo, na sifa ya kazi yake. Kila mtu anaweza kuwa na sentensi zake tano. Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro ana zake. Seremala ana zake. Mpishi wa hoteli ana zake. Ni maneno machache, lakini kila siku yana kazi. Neno lenye kazi halisahauliki upesi.

Watu wa mjini siku hizi huita jambo hili kujijengea jina. Mwenye kiwanda hutia alama kwenye sabuni yake ili mnunuzi aikumbuke. Mtu naye anaweza kujulikana kwa jambo moja analolifanya vizuri.

Huenda mzee mmoja atauliza, "Je, huko si kujisifu? Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Mzee amesema kweli. Lakini chema hujiuza kwa mtu anayekijua. Mgeni hajui kama mkono wa kikapu utakatika wiki ijayo. Lazima aambiwe, na anayepaswa kumwambia ni yule aliyekisuka.

Hata hivyo, aseme kweli tupu. Mazungumzo ya mwanafunzi na mwalimu wake yanaweza kwenda hivi:

"Mwalimu, niandikie kwamba mimi ni msusi bora kuliko wote mkoa huu."

"Mama, umekwisha kuwaona wasusi wote wa mkoa huu?"

"Hapana, Mwalimu, sijawaona."

"Basi tuandike lile unalolijua. Vikapu vyako vina nini?"

"Mikono yake haikatiki. Hata ukitia viazi."

"Hilo ndilo tutakaloliandika."

Jina la uongo halidumu. Mtu akijiita kiongozi wa mlima naye hajui njia, mlima wenyewe utamwumbua. Lakini sifa ndogo ya kweli huweza kumpatia mtu kazi miaka mingi.

SENTENSI TANO HAZITOSHI

Sasa mama amesema sentensi zake tano. Mgeni amefurahi. Naye anauliza, "Kusuka kikapu kimoja huchukua siku ngapi? Rangi hii mnaipata wapi?" Mama amekwama. Maneno aliyoyakariri yamekwisha.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Kusema ni nusu ya lugha. Nusu ya pili ni kuelewa anayokuambia mwenzako, naye hatasema maneno uliyoyakariri wewe. Ili kuyaelewa, ni lazima uwe umekutana na maneno mengi, tena mara nyingi. Wataalamu wanasema neno moja hutaka kukutana nalo mara kumi au zaidi kabla halijakaa kichwani. Mwalimu hawezi kukurudia kila neno mara kumi. Kitabu kinaweza.

MWALIMU WA BENGAL

Miaka ya 1920 alikuwapo mwalimu Mwingereza jina lake Michael West. Alifundisha Bengal, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Aliona wanafunzi wanateseka. Vitabu vyao vilijaa maneno magumu yasiyotumika sana, na maneno ya kila siku hawakuyajua. Kwa hiyo alitunga vitabu vyepesi. Alitumia maneno machache yanayotumika sana. Neno jipya liliingizwa polepole, kisha likarudiwa kurasa zilizofuata. Mwaka 1953 ilitoka orodha yake ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayofaa zaidi kwa mwanafunzi.

Vitabu vya namna hiyo vipo hata leo. Vimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ina maneno mia chache tu. Ukiimaliza, unapanda ya pili.

Mwaka 1980 wataalamu wawili, Warwick Elley na Francis Mangubhai, waliijaribu njia ya kusoma vitabu vingi katika visiwa vya Fiji. Walikwenda kwenye shule za vijijini zenye vitabu vichache. Walipeleka vitabu 250 vya hadithi zenye picha. Watoto walisoma kwa kupenda hadithi. Baada ya miezi minane, watoto hao walikuwa wameendelea katika kusoma kwa mwendo wa mara mbili ya kawaida.

Utasema, hao ni watoto. Je, wakubwa? Huko Japani, mwalimu Beniko Mason aliwafundisha wanafunzi wa chuo ambao walikuwa wameshindwa mtihani wa Kiingereza na kurudia. Aliwapa vitabu vyepesi wasome vingi. Mwanzoni walikuwa nyuma sana ya wenzao. Muhula ulipokwisha walikuwa wamekaribia kuwafikia. Na wengi waliokichukia Kiingereza walianza kukipenda. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997.

NAMNA YA KUSOMA

Kusoma huku kuna kanuni zake. Ni chache.

Kwanza, chagua kitabu chepesi. Hesabu maneno 100 katika kitabu. Kama maneno usiyoyajua ni mawili au hayafiki, kitabu hicho kinakufaa. Kama ni kumi, kirudishe, chukua chepesi zaidi. Usione haya kusoma kitabu chenye picha. Hakuna anayepanda mnazi kwa kuanzia juu.

Pili, usisimame kwenye kila neno. Ukikutana na neno usilolijua, endelea mbele. Mara nyingi habari yenyewe itakufumbulia. Mtu anayefungua kamusi kila mstari huchoka kabla ya ukurasa wa pili.

Tatu, kitabu kisipokupendeza, kiache. Chukua kingine. Hapa hakuna mtihani.

Nne, soma kila siku, hata kama ni kidogo. Tufanye hesabu. Kurasa 5 kwa siku, kwa siku 6 za wiki, ni kurasa 30. Kwa wiki 50 ni kurasa 1,500. Kama kitabu kidogo kina kurasa 30, utakuwa umesoma vitabu 50 kwa mwaka mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Liko jambo moja la kuangalia. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Kila herufi husema. Kiingereza sivyo. Neno "knife", maana yake kisu, huanza kwa herufi k, lakini k hiyo haitamkwi. Kwa hiyo msomaji asisome kwa macho tu. Mwalimu asome kwa sauti, wanafunzi wafuate kitabuni kwa kidole. Mwenye simu anaweza kurekodi sauti ya mwalimu na kuisikiliza nyumbani huku akifuata kitabu.

Mwalimu naye asiwe mwepesi wa kutoa mitihani. Amwombe mwanafunzi aeleze hadithi aliyoisoma, hata kwa Kiswahili. Akiieleza vizuri, ameielewa. Yatosha.

VITABU TUTAVIPATA WAPI?

Swali hili ni la haki. Vijijini vitabu ni vichache. Lakini tusikae tukisubiri.

Mahali pa kwanza ni maktaba. Huduma za maktaba zilianzishwa kwa sheria mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1967. Zipo pia maktaba katika miji mingi ya mikoa. Anayekwenda mjini kwa shughuli zake anaweza kupita huko na kuulizia vitabu vya hadithi vya wanaoanza Kiingereza.

Mahali pa pili ni shule ya msingi ya karibu. Zungumzeni na mwalimu mkuu. Vitabu vya watoto vinafaa kwa mtu mzima anayeanza.

Mahali pa tatu ni mifuko yenu. Darasa la watu 20, kila mmoja akinunua kitabu kimoja, lina vitabu 20. Viwekwe katika sanduku moja, na mtu mmoja aandike nani amechukua nini. Aliyelipia kitabu kimoja atasoma vitabu ishirini.

Mahali pa nne ni ninyi wenyewe. Zile sentensi tano za kila mtu zikumbukeni. Kila wiki mwanafunzi aongeze sentensi chache. Aeleze alivyojifunza kazi. Aeleze siku aliyopata hasara na siku aliyopata faida. Mwalimu amsahihishe. Baada ya miezi michache kila mmoja atakuwa na kurasa mbili. Watu 20 wakiwa na kurasa mbili mbili, ni kurasa 40. Zishoneni pamoja kwa uzi. Hicho ni kitabu.

Kitabu hicho ni chepesi kuliko vyote, maana msomaji anawajua watu walioandikwa. Akisoma kwamba seremala alivunja msumeno wake siku ya kwanza, atacheka, kwa kuwa anamjua seremala huyo. Na seremala naye ataona jina lake na kazi yake vinasomwa na watu. Hapo kujijengea jina na kusoma vinakuwa kazi moja.

TUSITUPE CHETU

Kujifunza Kiingereza hakumaanishi kukidharau Kiswahili. Aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili hajifunzi kusoma upya. Macho yake yamekwisha kuzoea mistari, anaongeza maneno tu. Hata hayo maneno mengine anayo tayari. Baiskeli, hospitali, benki, penseli na soksi, yote hayo yana ndugu zake katika Kiingereza. Kwa hiyo endelea kusoma Kiswahili, na Kiingereza kikufuate.

Wapo watu wanaotia sahihi karatasi za Kiingereza wasizozielewa. Wapo wanaouza kwa midomo ya watu wengine. Wapo wenye ujuzi mkubwa wanaokosa kazi kwa sababu hawawezi kuueleza. Mabadiliko yao yanaweza kuanza kwa sentensi tano na kitabu kimoja chembamba.

Usiku wa leo, chukua daftari. Andika jina lako, unakotoka, kazi yako, miaka yako katika kazi hiyo, na sifa moja ya kweli. Ziandike kwanza kwa Kiswahili. Kesho mpelekee mwalimu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watu wengi huacha darasa la Kiingereza mapema?
2. Sifa moja ya kweli ya kazi yako ni ipi?
3. Kuna tofauti gani kati ya kujieleza na kujisifu?
4. Katika kijiji chetu, vitabu 20 vya kwanza tutavipata wapi?