Viza Mkononi, Mlango Umefungwa: Wahamiaji Wapya Wakati wa UVIKO-19

Utangulizi

Mtahiniwa, katika mada hii utajifunza kwa nini watu waliokwisha kukubaliwa kuhamia nchi nyingine walishindwa kuingia huko mwaka 2020 na 2021. Wengi hujibu kwa neno moja: korona. Jibu hilo ni pungufu. Ugonjwa haufungi mpaka. Serikali ndiyo inayofunga, kwa amri yenye sababu, tarehe na watu inaowahusu. Ukijua mambo hayo matatu, utajibu swali lolote la mada hii.

Dhana za msingi

(a) Mhamiaji ni mtu anayeondoka nchini kwake kwenda kuishi nchi nyingine. Mtalii si mhamiaji.

(b) Viza ni ruhusa ya kusafiri hadi mpakani na kuomba kuingia. Uamuzi wa mwisho hufanywa na afisa uhamiaji wa nchi unayokwenda. Kwa hiyo, kuwa na viza si sawa na kuwa umeshaingia.

(c) Karantini ni kumtenga msafiri kwa siku maalumu ili kuona kama ana maambukizi. Huchelewesha safari, lakini haimnyimi mtu haki ya kuingia.

(d) Zuio la kuingia ni amri inayowakataza watu wa kundi au nchi fulani kuingia kabisa.

Mfano wa kufikirika

Chukulia kijana wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida. Mwaka 2019 anapata taarifa kuwa amechaguliwa katika bahati nasibu ya viza ya Marekani, mpango unaotenga hadi viza 55,000 kwa mwaka. Nyumbani wanauza vitunguu na mbuzi ili apate nauli na gharama za vipimo. Bado hajaitwa kwenye usaili ubalozini. Je, nini kitamzuia? Tazama milango mitatu anayopaswa kupita.

Mlango wa kwanza: kutoka nchini

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi. Kuanzia 23 Machi, wanaoingia nchini walitakiwa kukaa karantini siku 14. Mwezi Aprili, Tanzania ilisitisha ndege za abiria za kimataifa, na zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei 2020. Mlango huu, basi, ulifungwa kwa wiki chache tu.

Mlango wa pili: njiani

Tarehe 16 Mei 2020, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo. Iliporuhusu tena ndege za kimataifa tarehe 1 Agosti, Tanzania haikuwamo katika orodha yake ya kwanza, nayo Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways hadi Septemba. Aliyetegemea kuunganisha ndege Nairobi alilazimika kutafuta njia nyingine.

Mlango wa tatu: kuingia

Hapa ndipo watahiniwa wengi huchanganya sababu. Kijana wetu alikutana na vizuizi vitatu tofauti:

(i) Usalama. Tarehe 31 Januari 2020, Rais Donald Trump alitia saini tamko lililowazuia Watanzania na Wasudani kupata viza za bahati nasibu kuanzia 21 Februari. Sababu iliyotolewa ilihusu usalama na ubadilishanaji wa taarifa za wasafiri, siyo ugonjwa.

(ii) Afya. Tarehe 20 Machi 2020, balozi za Marekani duniani zilisitisha huduma za kawaida za viza kwa sababu ya janga.

(iii) Ajira. Tamko la 22 Aprili 2020 lilizuia wahamiaji wengi waliokuwa nje ya Marekani bila viza halali. Hoja yake ilikuwa kulinda kazi za Wamarekani wakati uchumi umeyumba.

Umuhimu wa tarehe

Viza ya bahati nasibu lazima itolewe kabla mwaka wa fedha wa Marekani haujaisha tarehe 30 Septemba. Baada ya hapo nafasi hupotea, haihamishiwi mwaka unaofuata. Rais Joe Biden alifuta zuio la kwanza tarehe 20 Januari 2021 na la Aprili tarehe 24 Februari 2021. Kwa wengi waliochaguliwa kwa ajili ya mwaka ulioisha Septemba 2020, mlango ulifunguliwa nafasi ikiwa imeshapotea.

Kanada nayo iliweka mstari kwa tarehe. Waliopewa uthibitisho wa ukaazi hadi 18 Machi 2020 waliweza kuingia. Wengi waliopewa baadaye walisubiri hadi 21 Juni 2021. Watu wawili wenye karatasi zinazofanana walitendewa tofauti kwa kupishana siku moja.

Karibu zaidi nasi, Oman ilizuia wasafiri kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo, kuanzia 25 Februari 2021. Zuio hilo liliwagusa pia Watanzania wanaotafuta kazi huko.

Athari kwa wahamiaji

(i) Hasara ya fedha: mifugo na mavuno yameuzwa, safari haipo.

(ii) Nyaraka kuisha muda: vipimo vya afya vya uhamiaji hudumu kwa muda maalumu, hivyo hurudiwa kwa gharama mpya.

(iii) Kukosa pa kushika: mtu ameacha kazi au shamba nyumbani, na huko aendako hajapokelewa.

(iv) Familia kutengana: mmoja ametangulia, waliobaki hawajui watamfuata lini.

Hitimisho

Serikali ina haki ya kulinda afya ya watu wake. Hata hivyo, amri ileile inayolinda wengi inaweza kumpokonya mtu nafasi isiyorudi. Katika insha yako, onesha pande zote mbili, na kila amri uitaje pamoja na sababu yake.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha karantini na zuio la kuingia.

2. "Mwenye viza ana uhakika wa kuingia." Kanusha kauli hii kwa hoja tatu.

3. Je, ilikuwa haki nafasi za bahati nasibu kupotea tarehe 30 Septemba 2020? Tetea msimamo wako.