Istilahi "Mimba za Utotoni" katika Habari za Mkoa wa Katavi

Miongoni mwa istilahi zilizoenezwa sana na magazeti na redio zetu katika miaka ya karibuni, "mimba za utotoni" ni mojawapo inayostahili kutazamwa upya. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, umefungamanishwa mno na istilahi hiyo, hata msomaji asiyepata kufika Mpanda huenda akaujua mkoa kwa mambo mawili tu: viboko wa Mto Katuma na mimba za utotoni.

Sababu yake yajulikana. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba mkoani Katavi, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Katika utafiti wa mwaka 2022 Katavi ilishuka hadi 34, na Songwe ikashika nafasi ya kwanza kwa 45.

Hapana budi kwanza tuangalie ni nani waliohesabiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kuwa mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Basi mwanamke wa miaka 19, aliyeolewa kwa hiari yake na kujifungua mtoto wake wa kwanza katika kijiji kimojawapo cha Mpimbwe, amo ndani ya ile 45, ilhali kwa sheria yeye si mtoto. Mtafiti hakukosea, kwani hakusema "utotoni"; alitaja umri. Neno liliongezwa njiani, takwimu ilipokuwa ikisafiri kutoka kitabuni kwenda gazetini. Huku ni kuipanua istilahi kupita mipaka yake.

Lakini kasoro kubwa zaidi iko upande wa pili. Neno "utotoni" lina kiambishi cha mahali, -ni, ambacho hapa chaonyesha kipindi cha maisha. Twasema "magonjwa ya utotoni" kwa maana ya surua na mengineyo yampatayo mtoto katika kukua kwake. Magonjwa hayo hayana mtendaji. Huja na hupita. Istilahi yetu imeundwa kwa kalibu ileile, na kwa hiyo yamfanya msikilizaji aione mimba kama jambo litokalo na umri wenyewe. Mwanamume hayumo. Na sheria yamtaka awemo: tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayemwingilia msichana chini ya miaka 18 ametenda kosa la kubaka, awe msichana amekubali au hakukubali, isipokuwa akiwa mkewe mwenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kifungu hicho cha mwisho chategemea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo vifungu vyake vya 13 na 17 vilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Kiswahili hakikosi vitenzi vya kumtaja mtendaji. Msichana hupata mimba, hushika mimba, hubeba mimba. Hapo yeye ndiye kiima, na sentensi imetimia bila mtu mwingine. Lakini pia hutiwa mimba au hupewa mimba, na kauli hiyo ya kutendwa hualika swali: na nani? Magazeti mengine hupendelea "kupachikwa mimba". Neno hilo twaliona halifai, maana kupachika ni kutia kitu mahali kwa mkono, kama mpini au taa, nalo lina mzaha wa barazani usiostahili kuwekwa juu ya habari ya mtoto wa darasa la sita.

Hali ni hiyohiyo katika ndoa. Twasoma kwamba binti "ameolewa" akiwa na miaka 14. Wazee wetu walikuwa na kitenzi kamili zaidi, kuoza, yaani mzazi kumpa mtu binti yake awe mke. Binti wa miaka 14 huozwa. (Wanahabari wa leo husema "kuozeshwa", labda kwa kuogopa kuchanganya na kuoza kwa matunda, hatuna ugomvi nao.) Kitenzi hicho kina nafasi ya baba, ya mjomba, na ya ng'ombe waliopokelewa.

Tena kuna "kukatisha masomo". Kwa miaka mingi, hadi serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi waliojifungua waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida, mwanafunzi aliyeonekana kuwa mjamzito alifukuzwa. Aliyefukuzwa hakukatisha kitu, alikatishwa. Herufi chache tu zinatenganisha maneno hayo, lakini mzazi wa Katumba au Mishamo, ambaye huenda lugha yake ya nyumbani ni Kirundi na Kiswahili cha redio ndicho kipimo chake cha usemi rasmi, atajifunza kutoka kwenye herufi hizo nani alaumiwe.

Tunapendekeza basi kwamba takwimu za utafiti zitajwe kwa umri wake: "ujauzito wa miaka 15 hadi 19". Habari ya mtoto mmoja iandikwe kwa kauli ya kutendwa, na palipo na shauri mahakamani lisemwe kosa lililomo katika hati ya mashtaka. Tunajua kwamba mwanahabari hawezi kuandika "alibaka" kabla ya hukumu. Lakini "anatuhumiwa kubaka" ni maneno mawili tu, na kisheria hayana hatari.

Limebaki jambo ambalo hatujalipatia neno. Mara nyingine aliyetia mimba ni mvulana wa miaka 16, naye ni mtoto mbele ya sheria ileile ya mwaka 2009. Kumwita "mwanamume" si sahihi, na "mhusika" halisemi lolote. Wasomaji wa Mpanda, Mlele na Tanganyika walio na neno litumikalo huko, liwe la Kibende, Kipimbwe au Kikonongo, tunawaomba watuandikie.