Mwendo wa Ndege Kati ya Nairobi na New York

Mwezi wa Oktoba 2018 Shirika la Ndege la Kenya lilianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Kwa ratiba ya kwanza, ndege iliondoka Nairobi saa 5:25 usiku ikatua New York saa 12:25 asubuhi. Katika kurudi iliondoka saa 6:25 mchana, ikafika Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku ya pili. Azisomaye saa hizo kwa haraka atadhani kwamba kwenda ni saa 7 na kurudi ni saa 22 na nusu, ilhali miji ni ile ile.

Saa za ratiba ni saa za mahali. Miji hiyo imetengana kwa nyuzi 111 hivi za longitudo, na kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, jua huitangulia Nairobi kwa saa 7 na dakika 23 hivi. Saa za kiserikali hazifuati jua kwa usahihi huo: wakati wa baridi ya Marekani tofauti ni saa 8, na wakati wa kiangazi ni saa 7. Ratiba iliyotajwa ni ya wakati wa baridi. Saa 8 zikiongezwa katika kwenda na kutolewa katika kurudi, hupatikana saa 15 na saa 14 na nusu.

Kwenye ramani ya Mercator, mstari ulionyooka kati ya miji hiyo hupita Burkina Faso na Mauritania. Mwalimu akivuta uzi juu ya tufe la darasani, uzi utapanda kaskazini zaidi, kupitia Niger, Aljeria na Moroko, ndipo uingie Atlantiki. Njia ya uzi ni kilomita 11,800 hivi, fupi kuliko ile ya ramani kwa kilomita 350 hivi.

Mbona basi kwenda kunazidi kurudi? Sababu kubwa ni pepo za magharibi zivumazo juu ya Atlantiki. Tuseme ndege hukata hewa kwa kilomita 900 kwa saa, na upepo wa wastani wa kilomita 50 unaikabili wakati wa kwenda. Itakwenda kwa saa 13.9 na kurudi kwa saa 12.4, mbali na muda wa kutembea uwanjani na kupanda angani. Jumla ni saa 26.3, pasipo upepo ingekuwa 26.2. Upepo haurudishi wote ulioutwaa, kwa maana ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipingwa kuliko ikisukumwa.

Tofauti hiyo ni mafuta, na mafuta ni uzito. Uwanja wa Nairobi uko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, mahali ambapo hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na za mabawa, hata mizigo au abiria hulazimika kupungua ili mafuta yapate nafasi. Ndege irudipo huondoka katika uwanja ulio karibu na usawa wa bahari, tena upepo ukiwa mgongoni.