Sambusa ya Mkahawani Haina Lebo

Mwezi wa Mei 2025 Shirika la Afya Duniani liliitunuku Oman cheti, pamoja na Austria, Norway na Singapore, kwa kuyaondoa mafuta ya transi katika chakula. Saudi Arabia ilitangulia, ikiwa miongoni mwa nchi tano za kwanza mwaka 2024. Habari ilipita haraka, na barazani watu wakabaki kuulizana: mafuta ya transi ndiyo yapi? Ni samli ya ng'ombe? Ni nazi? Ni yale meusi yaliyokaangiwa bajia tangu juzi?

Si hayo. Haya ni mafuta ya kiwandani. Mafuta ya mimea kama alizeti, soya au mahindi ni ya majimaji. Mwaka 1902 mwanakemia wa Kijerumani, Wilhelm Normann, alipata hataza ya njia ya kuyagandisha: yanapashwa moto, yanatiwa unga wa nikeli, kisha yanapitishiwa gesi ya haidrojeni. Kazi hiyo ikifika mwisho, unapata kitu kigumu kama mshumaa. Ikikatizwa katikati, unapata mafuta laini yanayofanana na samli, na ni hapo katikati ndipo transi huzaliwa kwa wingi. Ndiyo iliyokuwa asili ya majarini ngumu za zamani na ya samli ya mboga ya kopo, ambayo wapishi wa Kihindi na Kipakistani huiita vanaspati. Katika maziwa na nyama ya ng'ombe imo transi kidogo ya asili, lakini si hiyo iliyoleta msiba.

Mwenye mkahawa aliyapenda kwa sababu zinazoeleweka. Ni rahisi, hayachachi upesi, yanavumilia karai la moto siku nzima, na sambusa ikipoa haitoki jasho la mafuta. Kuyatumia hakukuwa kudhulumu mtu. Kwa miaka mingi hata madaktari waliyaona bora kuliko siagi.

Mwilini yanafanya ubaya wa pande mbili. Yanapandisha kolesteroli mbaya, ile inayoganda katika mishipa ya damu, na papo hapo yanashusha ile nzuri inayosaidia kuiondoa. Mafuta mengine mazito hupandisha ile mbaya, lakini hayaishushi ile nzuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 278,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya transi ya viwandani, na kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima hakifiki gramu 2.2 kwa siku. Hiyo ni chini ya nusu kijiko cha chai, ndugu zangu. Sahani moja ya vitu vya kukaanga ingeweza kukivuka.

Sasa, dukani unaweza kugeuza kopo ukasoma. Mkahawani utasoma nini? Sambusa haina lebo, na transi haina ladha wala harufu ya kukutahadharisha. Hata mhudumu hajui. Anajua bei tu.

Jiji la New York lililijaribu jambo hili kwanza kwa maneno mazuri. Mwaka 2005 wenye mikahawa waliombwa wayaache kwa hiari, wakapewa na mafunzo. Baada ya mwaka mzima hali ilikuwa ile ile, karibu nusu ya mikahawa ikiendelea kuyatumia. Ndipo mwisho wa 2006 ikapitishwa amri. Mafuta ya kukaangia yalianza kubanwa Julai 2007, na vyakula vyote Julai 2008. Kufikia mwisho wa mwaka huo, mikahawa iliyoyatumia ilikuwa chini ya asilimia 2. Amri iliwataka pia waweke lebo za mafuta waliyonunua, mkaguzi apate kuziona. Karani wa zamani kama mimi hawezi ila kuisifu hiyo: ukitaka kujua kilichomo karaini, usimuulize mpishi, tazama makopo na ankara.

Njia iliyo bora zaidi ni kuyazuia mafuta haya yasifike jikoni kabisa. Denmark ilianza 2003 kwa kuweka ukomo wa gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta, na Saudi Arabia iliyapiga marufuku mwaka 2020. Hapo mwenye mkahawa mdogo wa Ruwi au Seeb hahitaji kuwa mtaalamu, kwani anachokikuta kwa muuzaji wa jumla kimekwisha kuchujwa.

Lakini mafuta ya mawese, ambayo mikahawa mingi imehamia, hayana transi ya kutisha ila ni mazito. Alizeti au kanola ni nafuu kwa moyo. Na yale meusi ya tangu juzi hayageuki kuwa transi nyingi kwa kurudiwa, ila yana sumu zake nyingine na yafaa kumwagwa.

Wanaosafiri na kununua makopo kwingine, wasome maandishi madogo. Neno la kutafuta kwa Kiarabu ni muhadraja, na likifuatiwa na juz'iyyan, yaani nusunusu, ndilo lenyewe. Liacheni kopo hilo dukani, hata kama shangazi kaagiza.