Neno “check”: Mfalme wa Uajemi ndani ya kitabu cha hundi



Umeenea katika simu zetu ujumbe usemao kwamba neno la Kiingereza “cheque”, yaani hundi ya benki, limetokana na neno la Kiarabu “sakk”, na kwamba Wazungu walilichukua kwa wafanyabiashara Waislamu pamoja na ujuzi wenyewe wa kulipana kwa karatasi. Vijana wa darasa letu la jioni wameupokea kwa furaha, wala si ajabu. Kijana anayesikia kila siku kwamba mambo yote ya maana yalizuliwa Ulaya hufurahi kuambiwa kinyume chake. Wazazi wawili wameniuliza kama habari hiyo ni kweli. Nimeona niwajibu hapa kwa urefu, kwani waliosoma vyuo vyetu wanajua kwamba kauli haipokewi kwa utamu wake, bali kwa isnadi yake. Neno nalo lina isnadi. Lina waliolitamka kwanza, waliolipokea kwao, na waliolifikisha kwetu, na kiungo kimoja kikikatika, madai huwa dhaifu hata kama yanatupendeza.

Tuanze na neno lenyewe, ambalo kwa Kiingereza cha Marekani huandikwa “check” kwa maana zake zote. Daktari akikupima afya, ni check. Askari akikagua mizigo kizuizini, ni check. Kumzuia adui asisonge mbele, au mtu kuizuia hasira yake, ni check. Alama ya vema aiwekayo mwalimu kando ya jibu sahihi, Mmarekani huiita check. Na Mmarekani huyohuyo akimaliza kula mgahawani huomba check, yaani karatasi ya kumwonesha anadaiwa kiasi gani, kisha huweza kuilipa kwa check nyingine, ile ya benki. Kitambaa cha miraba ni check pia. Na mchezaji wa sataranji anapomtishia mfalme wa mwenzake hutamka neno hilohilo. Maana zote hizo zimechotwa katika kisima kimoja, nacho kipo hapo kwenye ubao wa sataranji.

Mchezo huo asili yake ni Bara Hindi, ulikoitwa chaturanga, yaani viungo vinne, kwa kukusudia sehemu nne za jeshi la zama zile: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi waliupokea wakauita chatrang. Waislamu walipoifungua Uajemi katika karne ya 7 waliukuta huko, na kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya “ch”, jina likawa shatranj. Sisi wa pwani tukapata sataranji. Kete kuu ya mchezo ni mfalme, na mfalme kwa Kiajemi ni shah, neno ambalo Kiswahili kinalo katika sura ya shaha, kama tunapomwita mshairi mkubwa shaha wa malenga. Ilikuwa ni adabu ya mchezo kwamba anayemtishia mfalme wa mwenzake amwonye kwa kutamka “Shah!”, kana kwamba anamwambia: mfalme wako huyo, mwangalie.

Mfalme akikosa pa kukimbilia, husemwa “shah mat”. Mwenye kujua Kiarabu atasikia humo neno mata, amekufa, na ndivyo wengi walivyofasiri. Lakini katika sataranji mfalme hauawi wala haondolewi ubaoni kama kete nyingine. Huachwa palepale akiwa amezingirwa. Ndiyo maana wapo wataalamu wa lugha wanaoona kwamba mat ni neno la Kiajemi lenye maana ya kupigwa na butwaa na kuishiwa hila. Rai hii naiona ina nguvu zaidi.

Najua yupo atakayeuliza hukumu ya mchezo wenyewe. Maimamu wamekhitalifiana. Imam Abu Hanifa, Imam Malik na Imam Ahmad waliukataza, na katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani hii, ni makruhu maadamu hauna kamari wala haumsahaulishi mtu sala. Mwenye haja ya zaidi amwendee shekhe wake. Makala hii ni ya neno. Itoshe kusema kwamba khitilafu hiyo haikuuzuia mchezo kustawi katika Baghdad ya Bani Abbas, ambako al-Adli na baada yake as-Suli waliuandikia vitabu.

Kutoka nchi za Kiislamu, hasa kwa njia ya Andalusia na kisiwa cha Sicily, mchezo ukaingia Ulaya. Watu wa huko hawakujua Kiajemi, ila walilisikia lile onyo. Katika Kilatini cha zama hizo shah likawa scaccus. Wafaransa wakatamka eschec. Waingereza, waliotawaliwa na wenye kusema Kifaransa tangu mwaka 1066, wakalipokea wakalikata kichwa likawa check. Wingi wake, eschecs, ukawa chess, jina la mchezo wenyewe. Na shah mat ikawa checkmate. Hii ndiyo isnadi ya neno hili, na kila kiungo chake kina maandishi ya kukishuhudia.

Lakini neno la mchezo liliingiaje katika mambo ya fedha? Hapa pana kisa kizuri. Katika utawala wa Mfalme Henry I, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1100 hadi 1135, hesabu za kodi zilifanywa juu ya meza kubwa, urefu wake kiasi cha futi 10 na upana futi 5, iliyotandikwa kitambaa chenye mistari iliyogawanya miraba. Walikuwa wakiandika kwa tarakimu za Kirumi, ambazo ni taabu kujumlishia, hivyo walipanga vidude vya kuhesabia katika safu: safu ya peni, ya shilingi, ya pauni, na kuendelea. Meza hiyo ilifanana na ubao wa sataranji, nayo ikaitwa kwa jina la ubao huo. Mara mbili kwa mwaka maliwali wa majimbo walisimama mbele yake kutoa hesabu ya walichokusanya. Richard FitzNeal, aliyekuwa mweka hazina wa mfalme, aliandika kitabu juu ya idara hiyo katika miaka ya 1170, na humo analifananisha shauri la mezani na pambano la sataranji baina ya mweka hazina na liwali. Waliokwisha kusimama mbele ya jamaa kusoma mapato na matumizi ya msikiti wataufahamu mfano huo bila ya kufafanuliwa. Jina la meza likawa jina la idara, na hadi leo waziri wa fedha wa Uingereza huitwa Chancellor of the Exchequer, yaani, ukilifuata neno hadi mwisho wake, mkuu wa ubao wa sataranji.

Huku nyuma neno check liliendelea kupanuka. Kumtishia mfalme ni kumzuia. Basi likawa na maana ya kuzuia kwa jumla. Anayepitia hesabu huzuia wizi. Basi likachukua maana ya kukagua na kuhakiki. Katika karne ya 18 liliitwa check hata lile kataa linalobaki kitabuni baada ya hati ya malipo kuchanwa, ambalo wengine hukiita kishina. Lilikuwa kizuizi cha kughushi, kwa sababu hati ikiletwa hulinganishwa nalo. Baadaye jina likahama kutoka kishina hadi hati yenyewe, na Waingereza wakaiandika “cheque”, tahajia iliyofuata mfano wa Exchequer. Mimi na mweka hazina wetu kila tunapotia saini hundi ya kulipia umeme wa msikiti, tarehe na kiasi huandikwa kwanza kwenye kishina. Desturi hiyo ndogo ndiyo iliyozaa jina.

Na kitambaa cha miraba? Nacho kimeitwa check kwa kufanana na ubao. Watanzania tumefanya vivyo hivyo kwa ubao mwingine: shati la namna hiyo tunaliita shati la drafti. Tena Wamarekani mchezo wenyewe wa drafti huuita checkers.

Turudi kwenye sakk. Kwamba Waislamu walikuwa na hati za malipo karne nyingi kabla ya benki za London, hilo halina shaka. Imam Malik katika Muwatta amepokea kwamba Marwan bin al-Hakam alipokuwa gavana wa Madina, watu walipewa sukuk, wingi wa sakk, za kuchukulia chakula kutoka bandari ya al-Jar, wakaanza kuuziana hati hizo kabla ya kukikabidhi chakula chenyewe. Zayd bin Thabit na sahaba mwenziwe wakamwendea Marwan kumkemea kwamba anaihalalisha riba, naye akatuma askari wazitwae hati mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Katika karne ya 10 msafiri Ibn Hawqal aliandika kwamba aliiona sakk ya deni la dinari 42,000 baina ya mtu wa Awdaghust, ng'ambo ya kusini ya Sahara, na mtu wa Sijilmasa, Moroko. Haya ni makubwa, na yanafaa kusomeshwa watoto.

Lakini kuwa na jambo ni kitu kimoja, na kuwa chanzo cha neno ni kingine. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford inalitoa cheque kwenye check, na check kwenye shah. Ama kutoka sakk hadi cheque ya karne ya 18 hakuna kiungo cha kati kilichoonekana. Ni kufanana kwa sauti tu. Tena wenye kamusi za Kiarabu wenyewe wanasema sakk si neno la Kiarabu asilia, bali limearabishwa kutoka Kiajemi, chak. Na Waarabu wa leo hundi ya benki hawaiiti sakk aghalabu, bali shik, neno walilolichukua Ulaya. Kwa hiyo kijana atakayesema mbele ya mwalimu wake kwamba cheque ni sakk ataweza kupingwa kwa kamusi, na akishapingwa katika hilo, ni nani atakayemsikiliza atakapotaja habari ya Ibn Hawqal, ambayo ni ya kweli? Hatuna haja ya dhaifu ilhali sahihi zipo tele: algebra ni al-jabr, cotton ni qutn, tariff ni ta'rifa. Na check yenyewe, kama tulivyoona, ilifika Ulaya kwa kupitia mikono ya Waislamu.

Kiswahili kimelipokea neno hili mwishoni kabisa mwa safari yake. Cheki tunalo, na vijana wamelipa maana ambazo Mwingereza hakuzifikiria: “cheki pale” ni tazama pale, na “nitakucheki” ni nitakupigia simu. Mimi katika kumbukumbu za vikao huandika hundi, kwa kuwa ndilo mweka hazina wetu alilolizoea. Nalo lina safari yake, ya kutoka kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, ambayo nataraji kuiandikia siku nyingine, inshaAllah.