KUOSHA GARI BILA KUUA RANGI YAKE

Siku hizi magari si kitu cha ajabu vijijini. Kuna pikapu za vikundi vya wakulima. Kuna malori yanayobeba mahindi. Kuna bajaji, na pikipiki ndizo zimejaa kila njia. Vyombo hivi ni mali, na vimenunuliwa kwa jasho. Leo tutaeleza jinsi ya kuosha gari nyumbani, kwa ndoo na kitambaa, bila kuharibu rangi yake. Mwenye pikipiki naye asome, maana mambo ni yale yale.

Labda utasema, "Hivi kuosha gari nako kunataka kisomo?" Na sisi tulisema hivyo hivyo. Basi sikiliza yaliyotupata.

Kikundi chetu kilinunua pikapu. Ilikwisha tumika, lakini rangi yake nyekundu ilikuwa bado nzuri, inang'aa. Dereva wetu alikuwa kijana mwenye bidii. Kila jioni alilipeleka gari mtoni. Alilisugua kwa sabuni ya unga. Penye tope gumu alitumia mchanga, au waya wa kusugulia masufuria. Baada ya miaka miwili gari likapauka kama tofali. Chini ya milango kutu ikatoboa bati.

Tulipotaka kuliuza, mnunuzi alilizunguka. Akagonga mlango kwa kidole. Kisha akataja bei iliyotufanya tutazamane.

Siku ya mkutano maneno yakawa mengi. Wengine walitaka dereva afukuzwe. Yeye akasimama, akasema, "Wazee wangu, gari hili sikuliacha chafu hata siku moja." Na ilikuwa kweli. Kijana hakuwa mvivu. Kumbe kule kuosha ndiko kulikoua rangi, na sisi tulimkabidhi gari bila kumfundisha kulitunza. Kosa lilikuwa letu sote.

RANGI YA GARI NI NINI?

Rangi si pambo tu. Rangi ni nguo ya bati. Bati la gari ni chuma. Chuma kikikutana na maji na hewa, hupata kutu. Rangi huzuia maji na hewa visifike kwenye chuma.

Nguo hiyo ina tabaka kadhaa. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, inayoshika chuma. Juu yake kuna rangi yenyewe, nyekundu au nyeupe au bluu. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka nyingine juu kabisa, isiyo na rangi, inayong'aa kama kioo. Hiyo ndiyo inayopambana na jua na vumbi.

Sasa shika karatasi moja ya daftari. Tabaka zote hizo zikiwekwa pamoja, unene wake ni kama karatasi hiyo tu, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Basi fikiri. Ukisugua karatasi kwa mchanga kila jioni, itadumu siku ngapi?

VITU VYA KUTAYARISHA

Hatuhitaji mashine. Tayarisha vitu hivi:

1. Ndoo mbili. Moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu.
2. Kopo la kumwagia maji, au mpira wa maji kama bomba lipo.
3. Vitambaa laini viwili au sponji mbili. Fulana kuukuu ya pamba inafaa. Ng'oa vifungo na zipu kwanza.
4. Sabuni ya kuoshea magari. Kama haipatikani, tumia sabuni ya maji isiyo kali, kidogo tu.
5. Taulo kuukuu la kukaushia.

Sabuni ya unga ya kufulia ni kali. Huondoa nta inayolinda rangi, na punje zisizoyeyuka hukwaruza. Usiitumie.

JINSI YA KUOSHA

Kwanza, weka gari kivulini, na subiri bodi ipoe. Bodi ikiwa ya moto, sabuni hukauka upesi na kuacha madoa. Asubuhi na jioni ndiyo saa nzuri.

Pili, mwagia maji gari zima kabla ya kuligusa. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Vumbi la barabarani ni mchanga mdogo mdogo. Ukipitisha kitambaa juu ya vumbi kavu, umeukokota mchanga huo juu ya rangi. Mwagia maji, acha tope lilainike, mwagia tena mpaka lidondoke lenyewe.

Tatu, anza juu, shuka chini. Osha paa, kisha vioo, boneti, milango, na mwisho sehemu za chini. Tope na mchanga mwingi viko chini. Ukianza chini, utaupandisha mchanga juu.

Nne, tumia ndoo zote mbili. Chovya kitambaa katika maji ya sabuni, osha sehemu ndogo, kisha kisuuze kitambaa katika ndoo ya maji matupu. Halafu rudi kwenye sabuni. Kwa njia hii mchanga unabaki katika ndoo ya pili. Maji hayo yakichafuka, yamwage, weka mengine.

Tano, pitisha kitambaa polepole, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, na usikandamize. Kitambaa kikianguka chini, usikirudishe kwenye bodi mpaka kimesuuzwa vizuri.

Sita, magurudumu yawe ya mwisho, na yawe na kitambaa chake. Vumbi la breki lina punje za chuma.

Saba, suuza gari zima, kisha likaushe kwa taulo. Maji yetu ya visima mara nyingi yana chumvi. Yakikauka yenyewe juani huacha alama nyeupe.

Kwetu ndoo nne za lita 20 zinatosha kuosha pikapu nzima. Ukimaliza, endesha polepole na ukanyage breki mara kadhaa, kwa sababu breki zilizolowa hazishiki vizuri.

MAADUI WA RANGI

Kinyesi cha ndege kina asidi. Kikikaa juani, hula rangi. Usikikwangue kikiwa kikavu. Weka juu yake kitambaa kilicholowa maji, subiri dakika kadhaa, kisha kiinue.

Utomvu na lami havitoki kwa maji. Tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, futa doa hilo tu, halafu osha papo hapo kwa sabuni. Usifanye hivyo karibu na moto au sigara.

Mbolea ya chumvichumvi hula chuma. Kama gari limebeba mbolea, fagia sanduku la nyuma na ulioshe siku ile ile. Wenzetu wa pwani wana adui mwingine, upepo wa chumvi. Wao waoshe mara nyingi zaidi, na wamwagie maji hata uvunguni.

Tena, chungulia chini ya milango. Utaona vitundu vidogo. Hivyo si kasoro. Vimewekwa ili maji ya mvua yatoke. Tope likiviziba, maji hukaa ndani ya mlango, na kutu huanzia ndani usikoona. Hivyo ndivyo milango yetu ilivyokwisha. Vizibue kwa kijiti chembamba.

Wako wanaopaka dizeli au oili chafu ili gari ling'ae. Hung'aa siku moja tu. Kesho yake vumbi lote limeganda, na mipira ya milango huanza kuharibika.

NTA NA POLISHI

Watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Polishi ina punje laini sana zinazosugua. Huondoa mikwaruzo kwa kupunguza rangi kidogo. Kwa hiyo usiitumie mara kwa mara.

Nta haipunguzi kitu. Hukaa juu ya rangi kama mafuta juu ya ngozi. Nta moja maarufu hutokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazili. Paka nta nyembamba kwenye gari safi na kavu, kivulini. Iache ikauke kidogo, kisha futa kwa kitambaa safi. Rudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Utajuaje kama nta ipo? Mwagia maji. Yakijikusanya kama matone juu ya jani la mgomba, nta ipo. Yakitandaa, imekwisha.

Ukiona kutu ndogo kama punje ya maharage, usingoje. Isugue kwa msasa laini mpaka chuma kionekane, futa, paka rangi ya msingi, kisha rangi inayofanana na ya gari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

TUSIOSHEE MTONI

Maji yale yale wanayapata wenzetu wa chini. Wanayanywa, wanapikia, wananywesha mifugo. Sabuni na oili hudhuru samaki. Nawe ukisimama majini unaweza kupata kichocho. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Chota maji, oshea nyumbani, juu ya majani au changarawe.

Dereva wetu hatukumfukuza. Tuliziba matundu, tukapaka rangi upya, tukanunua ndoo ya pili. Kwa kweli ile ndoo ilikuwa na bei ndogo kuliko kitu chochote tulichonunua siku hiyo. Sasa yeye ndiye anayewafundisha vijana wa pikipiki. Kitunze kikutunze.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tunamwagia gari maji kabla ya kulifuta?
2. Ndoo ya pili ina kazi gani?
3. Katika kijiji chako watu huoshea wapi vyombo vyao vya moto? Mnaweza kufanya nini?